Zamu Ipi Inafaa Nyumba Yenye Watoto? Kweli na Si Kweli Kutoka Vamizi

Vamizi ni kisiwa chembamba cha matumbawe, urefu wake takriban kilomita 12, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Ukielekea kaskazini kwa chombo unaipita rasi ya Delgado, kisha unafika mdomo wa mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Wenyeji ni Wamwani, watu wa bahari na wa msikiti, na lugha yao ina undugu wa karibu na Kiswahili.

Kwa vizazi vingi kisiwa kililishwa na bahari. Miaka ya 2000 ikaja hoteli ya kitalii, pamoja na kazi ya kuhifadhi matumbawe na kasa, na watu ambao baba zao walipangiwa siku na mwezi wakaanza kupangiwa na saa ya ukutani: zamu ya jikoni, ya vyumba, ya boti, ya ulinzi, na doria ya usiku ya kutafuta viota vya kasa. Septemba 2020, wapiganaji walioanza kuitesa Cabo Delgado Oktoba 2017 walikivamia kisiwa. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbia kwa vyombo, na wapo waliopoteza kazi na makazi kwa siku moja.

Silisahau hilo ninapoandika juu ya kuchagua zamu. Mwenye njaa hachagui. Lakini kila anayepata kazi tena, iwe kisiwani, katika miji ya Palma na Pemba hukohuko Cabo Delgado, au ng'ambo Mtwara, hufikia siku anawekewa ratiba mbele yake na kuulizwa kama anaiweza. Wengi hujibu kwa kufuata maneno yanayopita mdomo kwa mdomo. Machache kati ya maneno hayo ni kweli. Mengi yanaumiza nyumba, na yanaumiza zaidi nyumba ambayo haina pa kuegemea.

"Mvuvi hana zamu. Hutoka anapotaka, hurudi anapotaka."

Si kweli. Naanza na hili kwa sababu humfanya mtu wa pwani adhani kwamba zamu ni jambo la ofisini na hotelini, kumbe yeye ameishi nayo tangu utotoni.

Bahari ina ratiba kali kuliko kiwanda chochote. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno, na katika ukanda huu wa pwani kupwa huko huangukia karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Baada ya wiki yameshakuwa maji mafu: yanapwa kidogo, na kupwa kwenyewe kumesogea hadi alasiri, saa kumi. Wiki ya pili ikiisha, bamvua imerudi na saa nne yake.

Mwanamke anayechokoa pweza hupanga siku zake kwa hesabu hiyo. Asubuhi ya bamvua anatoka saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanashuka, chuma mkononi na ndoo kichwani. Anayafuata maji yanavyorudi nyuma, macho chini, akitafuta tundu lenye magamba ya kaa na maganda ya chaza mlangoni, kwa kuwa pweza hutupa mabaki ya chakula chake nje ya pango. Akiliona huinama, akaingiza chuma, akasubiri mkono wa kwanza utoke. Inapokaribia saa sita maji yamegeuka na yanamsukuma kurudi ufukweni. Hawezi kumwomba nahodha wala bwana yeyote amwongezee nusu saa. Hiyo ni zamu: ina saa ya kuingia, ina saa ya kutoka, na ina siku zake katika mwezi.

Mumewe, akiwa mvuvi wa dagaa kwa taa, kama walivyo wengi Mtwara, Kilwa na Unguja, anafuata hesabu nyingine. Taa inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu mbalamwezi huishinda taa, dagaa hawakusanyiki, na vyombo hupumzika siku kadhaa. Mwezi ukifa, usiku wote ni kazi.

Sasa ziweke zamu hizo mbili juu ya nyumba moja yenye mtoto wa miaka miwili. Bamvua ya mwezi mpevu: mama yuko mwambani asubuhi, baba amelala usiku kucha kama watu wengine, mchana anashona nyavu kivulini, mtoto yuko miguuni pake. Nyumba inajitosheleza. Bamvua ya mwezi mwandamo: baba amerudi alfajiri na macho mekundu, mama lazima atoke saa mbili na nusu, na mtoto ameamka anataka uji. Nyumba ni ileile, kazi ni zilezile, mapato huenda yakalingana. Bamvua moja inahitaji baba tu. Nyingine inahitaji bibi, au shangazi, au binti wa jirani.

Wanawake wa pwani wanaijua hesabu hii bila kuiandika, ndiyo maana bibi huombwa siku mbili tatu kabla mwezi haujaandama. Na ndilo jambo ninalotaka msomaji alibebe hadi mwisho wa makala haya. Ukipewa ratiba ya kazi, usianze kwa kuhesabu utakuwa nyumbani saa ngapi kwa jumla. Angalia saa zako za kuwapo zinakutana na saa zipi za watu wako, na ni saa ipi inabaki bila mtu mzima aliye macho.

"Zamu ya usiku inamfaa mama mwenye watoto wadogo, kwa kuwa mchana kutwa yuko nao."

Si kweli. Katika yote yanayosemwa kuhusu zamu, hili ndilo lililochosha wanawake wengi kuliko jingine.

Fikiria mwanamke anayetoka kufua shuka au kulinda geti saa kumi na mbili asubuhi. Anafika nyumbani saa moja. Watoto wameamka, mmoja hana sare, mwingine anataka kunyonya. Saa mbili anajilaza. Jirani anatwanga muhogo, jogoo hajanyamaza, muuza samaki anapita akinadi. Saa nne bati limeshika moto na chumba hakilaliki. Mtoto anaingia kuuliza kiberiti kiko wapi. Saa sita anaamka kwa sababu chakula cha mchana hakina mpishi mwingine. Atajaribu tena alasiri, atapata nusu saa. Jioni anapika, anaogesha watoto, anaondoka.

Tafiti nyingi za wafanyakazi wa usiku zinaonyesha kwamba usingizi wa mchana hupungua kwa saa moja hadi nne ukilinganishwa na ule wa usiku, na tafiti hizo nyingi zimefanywa kwenye nchi za baridi, kwa watu wenye mapazia mazito na vyumba vyao peke yao. Mwaka 2000 Williamson na Feyer walichapisha kipimo chao kutoka Australia: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya kazi za umakini vibaya kama mlevi, au vibaya zaidi, kwa kiwango cha ulevi ambacho nchi nyingi hukiwekea mpaka kwa madereva. Mama yule aliyeamka saa sita mchana, ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya pili ameshakuwa macho kwa saa 18, ukiondoa ile nusu saa ya alasiri. Huyo ndiye anayetarajiwa kushika kisu, moto na mtoto kwa mpigo.

Na kuna jambo linaloniudhi, nalisema wazi. Baba mlinzi akilala mchana, nyumba nzima huambiwa inyamaze na watoto hufukuzwa uani. Mama akilala mchana, nyumba nzima humwamsha. Zamu ni ileile. Usiku ni uleule. Familia inayotaka kufaidi zamu ya usiku ya mama ianze kwa kumpa mama ukimya inaompa baba.

Kuna hali ambamo zamu hii hufaa. Hufaa pale alipo mtu mzima wa kushika asubuhi yote, kuanzia kurudi kwako hadi saa saba au saa nane. Mtu wa kulala na watoto usiku si taabu kumpata, kwani watoto wamelala. Mtu wa asubuhi ndiye adimu. Mtafute huyo kwanza, akubali, ndipo uikubali kazi.

"Mwili utazoea. Vumilia miezi miwili mitatu."

Kwa watu walio wengi, si kweli. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kufumbua jinsi saa ya ndani ya mwili inavyoendeshwa na jeni. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga kila siku, hasa ule wa asubuhi. Mlinzi wa Vamizi anapotoka kazini na kutembea ufukweni jua likichomoza juu ya bahari, mwanga unauambia mwili wake kwamba kumekucha. Ataambiwa hivyo kesho, na kesho kutwa, na miaka kumi ijayo. Anachokizoea ni uchovu. Saa ya mwili haijageuka, na siku yake ya mapumziko anarudi kulala usiku na watu wake, kwa hiyo hata kidogo kilichogeuka kinafutika.

Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 ukalipitia suala upya na kuiacha kazi ya zamu ya usiku katika kundi hilohilo. Asiogope kupita kiasi aliyefanya usiku mwaka mmoja. Shaka kubwa iko kwa wanaokaa humo miaka na miaka. Lakini anayeambiwa atazoea apewe na habari hii, aamue akijua.

Yapo ya kupunguza makali. Ikiwa zamu zinazunguka, ombeni mzunguko uende mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku. Mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Usiku mbili tatu mfululizo kisha mapumziko ni nafuu kuliko usiku saba. Lala kidogo alasiri kabla ya kuingia. Ukirudi, vaa kofia pana, pita kivulini, ziba dirisha kwa kanga mbili nzito. Chai ya rangi na kahawa ziishe kabla ya saa za mwisho za zamu.

Mwanga wenyewe ni somo zuri ufukweni. Kasa hupanda usiku kutaga, na wafuatiliaji wa kasa duniani kote hufundishwa kutumia taa nyekundu hafifu, kwa sababu mwanga mweupe humtisha mama kasa na huwapoteza watoto wake wanapotoka kiotani. Mwili wa binadamu nao, kati ya rangi za mwanga, husumbuliwa zaidi na ule mweupe wenye ubuluu kuliko mwekundu. Mtu wa doria ya kasa hutembea, hupumua upepo, na hushika taa isiyomuumiza. Mlinzi anayekaa kwenye kiti chini ya taa kali hadi alfajiri ana usiku mgumu zaidi, ijapokuwa saa zao ni zilezile.

"Nyongeza ya usiku inalipa."

Inategemea uko upande gani wa Ruvuma. Msumbiji, kazi inayofanywa kuanzia saa mbili usiku ni kazi ya usiku, na sheria inaitaka ilipwe asilimia 25 zaidi ya kazi kama hiyo ya mchana. Saa za ziada zina nyongeza ya asilimia 50 hadi saa mbili usiku, na asilimia 100 baada ya hapo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka nyongeza ya usiku isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mtu anayevuka kutoka Palma kwenda kutafuta kazi Mtwara akidhani usiku ni usiku atashangaa mwisho wa mwezi.

Hata hiyo 25 uipige hesabu yake kamili. Ukimlipa mtu wa kushika watoto asubuhi, ukanunua chakula kilichopikwa kwa sababu huna nguvu ya kupika, ukakosa bamvua mbili za pweza kwa mwezi kwa sababu saa nne asubuhi umelala, nyongeza imeliwa. Hesabu ya bamvua watu huisahau sana. Kwa nyumba nyingi za kisiwani mshahara ni mguu mmoja na mwamba ni mguu wa pili, na zamu nzuri ni ile inayoiacha asubuhi ya bamvua wazi, walau baadhi ya siku.

"Ramadhani, chukua usiku. Ni rahisi."

Kweli kwa mwili, kwa sehemu: unafanya kazi ukiwa umekula na umekunywa, na kiu ya mchana unailalia. Lakini tarawehe inakupita, na watoto wanaojifunza kufunga hujifunza kwa kukaa na mzazi kwenye daku na futari. Mbaya zaidi ni zamu ya jioni, inayokufanya uwaandalie wageni chakula saa ileile watu wako wanafungua kwa tende bila wewe. Kama mko wawili wenye zamu hiyo, gawaneni mwezi nusu kwa nusu. Waulizeni mapema na wenzenu wasiofunga. Wengi hukubali, kisha nanyi mtawashikia siku zao za Krismasi.

"Kazi ya kukaa wiki kadhaa mbali, kisha wiki kadhaa nyumbani, huvunja ndoa."

Nusu yake ni kweli. Kisiwa hakifikiki kwa daladala, kwa hiyo mpishi au fundi kutoka Pemba au Nampula hukaa kazini kwa wiki nyingi ndipo arudi. Hali ni hiyo pia kwenye kambi za mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma.

Pwani yetu haikuanza leo kuishi na mume aliye mbali. Majahazi yaliteremka na kaskazi na kupanda na kusi, na nahodha aliyeondoka hakurudi mpaka upepo ugeuke. Nyumba zilisimama kwa sababu msimu ulijulikana: mke alijua mwezi wa kumtarajia, na ukoo ulijua wajibu wake katikati. Ninavyoona mimi, kinachoumiza zaidi ni kurudi kusikokuwa na tarehe. Aprili 2021, baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi, kampuni ya Total, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, ilitangaza kusimamisha mradi wa Afungi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na familia zilizokuwa zimepanga ada, ujenzi na harusi kwa mzunguko wa kazi zikabaki bila mzunguko wala kazi. Hakuna ratiba inayoweza kumkinga mtu na vita. Lakini mambo madogo yanaweza kukubaliwa kabla ya kusaini.

Uliza kama siku ya kusafiri inahesabiwa kazini au inakatwa kwenye mapumziko yako. Uliza nani anabeba siku zinazopotea kusi likivuma boti ikashindwa kuvuka. Mtu aliyepewa wiki mbili, akapoteza siku mbili kwenda na mbili kurudi, ana siku kumi tu, na mke aliyeambiwa wiki mbili atalalamika kwa haki. Uliza pia kama simu inashika mahali utakapolala, maana mtoto wa miaka minne anayesikia sauti ya baba kila baada ya isha si sawa na yule asiyeisikia mwezi mzima.

Ukirudi, usiingie kama mkaguzi. Nyumba imejipanga bila wewe na imejipanga vizuri. Kaa siku mbili tatu uone nani sasa anateka maji na nani anasaidia nani masomo, ndipo uchukue nafasi yako. Mzunguko wa namna hii nauona unafaa nyumba yenye watu wazima wawili waliobaki, na haufai nyumba ya mama mmoja aliyejifungua juzi.

"Watoto wakishakua, zamu yoyote inafaa."

Si kweli. Watoto nao wana zamu, na wazazi wengi huisahau.

Shule nyingi za msingi za Msumbiji hupokea wanafunzi kwa awamu, kundi la asubuhi na kundi la mchana, kwa sababu madarasa na walimu hawatoshi. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa katika awamu tofauti. Ongeza chuo cha Kurani. Sasa chukua mzazi wa zamu ya jioni, anayeingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Hii ndiyo zamu isiyoogopwa na mtu: hupotezi usingizi, asubuhi ni yako, jua kali limekukuta kivulini. Lakini mtoto wako yuko awamu ya asubuhi. Anarudi mchana wewe ukiwa mlangoni unatoka, na ukirudi amelala. Mtakutana siku ya mapumziko. Mnaishi chumba kimoja na mnapishana kama vyombo viwili usiku.

Kwa mwenye watoto wa shule ya msingi na kuendelea, uamuzi wangu ni kwamba zamu ya jioni ya kudumu ndiyo ya kukataa kwanza, kabla ya usiku. Jioni ndiyo mtoto husema kilichompata darasani. Ndiyo kijana wa miaka 15 hutoka akaenda asikojulikana. Utafiti uliofanywa Marekani kuhusu wazazi wenye zamu za usiku umeonyesha kwamba vijana huingia zaidi kwenye tabia za hatari pale muda wa kukaa na mzazi unapopungua na macho ya mzazi yanapokuwa mbali. Cabo Delgado hatari hiyo ina uzito wake wa pekee: wapiganaji wameteka watoto na kuwavuta vijana wasio na kazi wala mtu wa kuwauliza walikuwa wapi. Mtu mzima aliyepo nyumbani kati ya magharibi na isha ana thamani ambayo karatasi ya mshahara haiionyeshi.

Kama zamu ya jioni haiepukiki, nenda shuleni uombe mtoto ahamishiwe awamu ya mchana, ili asubuhi iwe yenu wote wawili. Muombe mwalimu mkuu mwenyewe, kabla mwaka wa masomo haujaanza.

"Ratiba ni ya mwajiri. Mfanyakazi hana lake."

Si kweli, na kwa mama mjamzito ni uongo wa hatari. Mwajiri ndiye anayepanga saa, ndiyo, lakini anapanga ndani ya uzio wa sheria. Kwa Msumbiji uzio huo sasa ni Sheria ya Kazi namba 13 ya 2023, iliyoanza kutumika Februari 2024. Kazi ya kawaida haizidi saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Mjamzito, kuanzia mwezi wa tatu wa mimba, hapangiwi kazi ya usiku wala saa za ziada, isipokuwa aombe mwenyewe au afya yake au ya mtoto ihitaji hivyo. Likizo ya uzazi imepanda kutoka siku 60 hadi 90, na ya baba kutoka siku moja hadi 7. Anayenyonyesha ana haki ya nusu saa mbili kwa siku, au saa nzima kwa mkupuo kama kazi yake haina mapumziko katikati, bila kukatwa mshahara, hadi mtoto atimize mwaka.

Baba wa siku 7, zitumie. Nimesikia wanaume wakisema hawana la kufanya nyumbani wiki hiyo, na inaniuma. Maji yapo ya kuteka, watoto wakubwa wapo wa kupeleka shule, na mke anahitaji kulala.

Kuna na sikukuu. Sherehe rasmi ya Desemba 25 nchini Msumbiji inaitwa Siku ya Familia. Kwa Mmwani Mwislamu siku kubwa ya familia ni Idi, ambayo haimo katika orodha ya sikukuu za taifa. Serikali hutoa ruhusa ya siku hiyo kwa wafanyakazi Waislamu. Idi inafuata mwezi, na hoteli haiwezi kupanga kwa kungoja mwezi uonekane. Kwa hiyo omba siku mbili, ile inayotarajiwa na inayofuata, na uombe wiki kadhaa kabla. Umpe na msimamizi jina la mwenzako aliyekubali kukushikia, ili asipate sababu ya kukataa.

Kabla ya kusaini, basi, mwite mwenzi wako, na bibi kama ndiye atakayebeba asubuhi, mkae na karatasi moja. Andikeni saa za kazi, saa za shule za kila mtoto, saa za chuo, na siku za bamvua za mwezi huo. Palipo na pengo lisilo na mtu mzima aliye macho, mwekeni mtu kwa jina. Mkikosa jina, rudi kwa msimamizi ukaombe zamu nyingine, na umwambie pengo liko saa ngapi.